Suti Nyeupe ya Shemeji

Sehemu ya tisa

Mlango wa ukumbi wa kanisa ulifunguka, suti nyeupe ikaingia, na ndani ya suti hakuwamo shemeji.

Alikuwamo baba.

Mliokuwa nasi wiki iliyopita mnakumbuka tulimwacha Nyuzi kwenye safu ya pili, mikono mapajani, meno yote nje, akisubiri kisasi kama mtoto anayesubiri keki. Basi, keki imeletwa, na baba yake mzazi ameikalia.

"Yesu wangu," alisema Nyuzi, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alikuwa anamaanisha.

Kwa mnaoanza leo (mlikuwa wapi siku zote?), kesi yenyewe ni hii. Nyuzi ni fundi cherehani, na mteja akichelewa anakuwa mpiga gita la umeme. Anapiga roki na bluzi, na anampigia Mungu. Hana meneja, hana bendi, hana studio. Anakaa mbele ya cherehani, gita kifuani, maiki imefungwa kwenye ubao wa kupigia pasi, na mguu unakanyaga pedeli. Ngoma zake ni hiyo pedeli. Jina la Nyuzi alipewa na wateja, maana walishindwa kujua anakula kwa nyuzi zipi.

Wazee wa kanisa walimwambia gita linalolia hivyo ni la baa. Shemeji yake, mume wa dada, kiongozi wa kwaya, mtu wa meno meupe na maneno laini, akamwambia: "Usijali. Nipe hiyo flashi yenye wimbo wako nikamsikilizishe Mchungaji." Nyuzi akampa flashi. Nakala nyingine hakuwa nayo.

Miezi mitatu baadaye wimbo ulilia redioni huku Nyuzi akikata kola. Gita lile lile. Pedeli ile ile. Kilichofutwa kilikuwa sauti yake tu, na juu ya gita lake alikuwa amejilaza shemeji, anaimba kwa kutetemeka kama mtu aliyekalia mashine ya kusaga.

Wimbo unaitwa "Umenikuta Sakafuni". Nyuzi aliutungia sakafuni kweli, kando ya godoro, wiki ile mama yao alipokuwa anawaaga.

Halafu mtu huyo huyo, uso mkavu kama tofali, akaja na kitambaa cheupe. "Nishonee suti ya uzinduzi wa albamu, shemeji. Mimi fundi wangu ni wewe tu."

Nyuzi akashona. Ila mabega hakuyapitisha mashineni. Aliyapiga bandi tu, ile mishono mirefu ya mkono ambayo fundi hushikizia kitambaa kwa muda, kisha huichomoa. Bandi inamvumilia mtu anayesimama wima na kupumua kwa adabu. Shemeji akiimba huinua mikono kama anazuia dari isimwangukie.

Huo ndio ulikuwa mpango. Na sasa mpango ulikuwa unasalimia watu mlangoni, mmoja mmoja.

Nyuzi aliruka viti.

"Baba! Mbona umevaa hiyo?"

"Salamu kwanza."

"Shikamoo, Baba. Mbona umevaa hiyo?"

"Marahaba." Baba, fundi baiskeli mstaafu ambaye maisha yake yote alinuka grisi, alijizungusha taratibu ili aonwe pande zote. "Mkwe wangu kanipa. Kasema koti linambana tumbo. Kasema baba mkwe ndiye mgeni rasmi, hawezi kukaa mbele na sweta. Miaka sabini na moja, mwanangu, sijawahi kuwa mweupe hivi."

"Vua."

"Nini?"

"Kuna joto, Baba. Utazimia."

"Nikizimia mnizike nalo."

Nyuzi alimtazama kuanzia begani hadi kwenye viatu. Koti lilikuwa jeupe. Suruali ilikuwa ile ya kahawia, ya siku zote.

"Na suruali yake iko wapi?"

"Ndefu. Kaivaa mwenyewe."

Neno hilo Nyuzi alilikunja vizuri akaliweka moyoni.

"Sawa, Baba. Lakini usiinue mikono."

"Nimeambiwa niombee albamu. Bila kuinua mikono nitaombaje, kwa magoti?"

Kanisa zima linajua Baba anavyoomba. Anaomba kama kipa anayesubiri penalti. Akifika kwenye "Ee Bwana", mikono yote miwili inakuwa juu kabisa, na mia mbili na zaidi walikuwa wameketi pale, nusu yao simu mkononi, tayari kurekodi.

"Shemeji!" ilisema sauti laini nyuma yake. "Mikono yako ibarikiwe."

Shemeji alikuwa amevaa koti jeusi juu ya ile suruali nyeupe. Alimwonyesha baba mkwe kiti cha mbele, akakipangusa kwa leso, akamketisha kama yai. Kisha akamvuta Nyuzi pembeni, kwenye nguzo, huku akitabasamu ili watu waone jamaa wanapendana.

"Nililijaribu asubuhi," alisema. "Niliinua mkono nifunge dirisha, bega likasema prr. Nikageuza ndani. Nikakuta bandi."

Nyuzi aliutazama mgongo wa Baba kule mbele.

"Ulisahau marehemu mama yangu alikuwa fundi? Mimi nimelelewa chini ya meza ya cherehani, shemeji. Suruali nayo nikaivuta pembeni, mguu huu na huu. Iko imara. Angalau huko ulikuwa na utu kidogo."

Nyuzi aliinamisha macho kwa unyenyekevu mkubwa.

"Sasa sikiliza. Mtaani watu wameanza kunong'ona. Wanasema lile gita ni kama la yule fundi wa pale kona. Sitaki minong'ono siku ya leo. Nitakuita jukwaani. Utashika maiki utasema, 'Wimbo huu alitunga shemeji yangu.' Maneno matano. Ukishayasema, Baba ataomba akiwa ameketi, kwa heshima ya umri wake."

"Na nisiposema?"

"Nitamwambia asimame, ainue mikono, atubariki." Alitabasamu zaidi. "Mkono mmoja utaangukia huku na mwingine kule. Kisha nitawaambia watu nani aliyemshonea baba yake nguo ya namna hiyo. Hakuna atakayekuletea hata kifungo kushona, mpaka ufe."

"Wewe ni mtu wa Mungu kweli?"

"Sana," alisema shemeji, akaenda kukumbatiana na wazee wa kanisa.

Nyuzi alisimama pale kwenye nguzo. Upande mmoja kulikuwa na wimbo wa mama. Upande mwingine kulikuwa na mabega ya baba. Alitaka vyote viwili, na juu ya hivyo alitaka kumwona yule mtu amelala chini. Tusidanganyane, msomaji. Alimpenda Yesu, lakini siku ile alikuwa amemwomba asubiri nje kidogo.

Dada alikuwa mlangoni anagawa ratiba. Dada huyu ndiye aliyeolewa na yale meno meupe, na tangu aolewe hajamaliza sentensi mbele za watu. Nyuzi alimkamata mkono wa kushoto.

"Dada, mumeo kaniibia wimbo, na sasa anataka kumwaibisha Baba."

"Mdogo wangu, punguza sauti."

"Ulijua?"

Dada alitazama ratiba zake. "Usifanye fujo sasa. Nakuomba. Ngoja albamu yote iwekwe mezani."

"Ikishawekwa ndiyo itakuwa nini?"

Dada aliubana mkono wa mdogo wake, na Nyuzi akahisi ncha za vidole vya dada zilivyo ngumu, kama ngozi ya kiatu. Sabuni ya kufulia, aliwaza kwa hasira. Anamfulia mwizi mpaka vidole vinaota sugu.

Akamwachia, akarudi mbio, akakaa safu ya pili, nyuma kabisa ya mgongo wa Baba.

Fundi wa kweli hatembei bila sindano. Ya Nyuzi hukaa kwenye pindo la kilemba, na siku hiyo ilikuwa na uzi mweupe, urefu wa mkono mmoja. Jukwaani Mchungaji alikuwa amefungua daftari la matangazo. Mchungaji huyu akitangaza kikao cha akina mama, huanza na historia ya akina mama.

"Baba, kaa wima," alinong'ona Nyuzi. "Nakutoa nyuzinyuzi mgongoni."

"Zipo nyingi?"

"Sana."

Akaanza. Sindano iliingia bega la kulia, ikatoka, ikarudi nusu hatua nyuma, ikaingia tena. Hakuwa amewahi kushona nguo iliyo na mtu anayepumua ndani yake. Jirani yake, mama mmoja wa kofia pana, alimwangalia, akaiangalia sindano, akaamua kwamba ni mambo ya familia.

"Umenidunga!" alisema Baba.

"Mbu, Baba."

"Mbu saa nane mchana?"

"Wa kanisani hawana ratiba. Jikune kwapa."

"Kwa nini nijikune kwapa?"

"We jikune tu, Baba, nakuomba."

Baba alijikuna kwapa. Sindano ikapita chini. Bega la kulia likafungwa, na Nyuzi akahamia la kushoto. Mchungaji alikuwa kwenye tangazo la nne. Hatua moja, mbili, tano.

Uzi ukaisha.

Alipekua mkoba. Leso. Chaki ya kuchoria. Mkasi. Na bahasha ndogo ambayo kila mpiga gita hutembea nayo: nyuzi za akiba. Alichomoa ule wa kwanza, waya mwembamba kuliko zote, ule unaolia juu kabisa, akaukata kwa mkasi wake wa kukatia vitambaa. Kukatia waya mkasi kama huo ni dhambi ambayo mafundi hawasameheani. Aliutoboa mshono kwa sindano, akapitisha waya, akausokota. Tundu la pili. La tatu.

"Kitu kinanichoma bega," alisema Baba kwa sauti ambayo ilisikika safu tatu.

"Upako, Baba."

"Haleluya," alisema yule mama wa kofia, macho mbele.

"Na sasa," Mchungaji alifunga daftari, "mtumishi wetu atuongoze kwa wimbo uliobeba albamu!"

Mshono wa kushoto ulikuwa na vifundo vitatu vya waya. Vitatu tu. Nyuzi alirudisha sindano kilembani.

Wimbo ukaanza kutoka kwenye spika. Kwanza pedeli peke yake: ta, ta, ta, tak. Ta, ta, ta, tak. Kisha gita likaingia, likavuta noti moja ndefu kutoka chini hadi juu kama mtu anayeinuka kwa shida, na ukumbi mzima ukatulia. Nyuzi aliuma mdomo. Hiyo noti aliivuta akiwa amepiga magoti, saa tisa ya alasiri, mama akiwa amemshika kisigino.

Halafu shemeji akafungua mdomo juu yake.

Watu walijaribu kupiga makofi. Walishindwa. Kila walipodhani wamelipata pigo, ile "tak" ilichelewa kidogo, makofi yakaanguka kando. Mpiga ngoma wa kanisa alijaribu kuingia na vijiti vyake, akapotea, akajifanya anarekebisha kiti.

"Kabla sijaendelea," shemeji alisema akifuta jasho ambalo halikuwepo, "nimwite Baba mkwe wangu hapa juu. Na nimwite shemeji yangu, fundi, ana neno la ushuhuda."

Baba alipanda ngazi kwa fahari, akaketishwa katikati ya jukwaa. Nyuzi alipanda nyuma yake. Maiki iliwekwa mkononi mwake, na shemeji akamnong'oneza, meno yakiwa yamebana: "Matano."

Nyuzi alitazama umati. Alitazama mabega ya Baba.

"Wimbo huu," alisema.

Shemeji alitikisa kichwa kumtia moyo.

"Alitunga..."

Mbele pale simu zilikuwa zimeinuliwa kama shamba la mahindi. Nyuzi alivuta pumzi.

"Mchungaji, kabla sijamtaja mtunzi, naomba turudie mwanzo. Zile ngoma peke yake, gita bado halijaingia. Zinanibariki mno."

"Hakuna haja," alisema shemeji haraka.

"Haja ipo!" Mchungaji alikuwa mtu ambaye hawezi kunyimwa baraka. "Rudieni mwanzo!"

Fundi mitambo akarudisha. Ta, ta, ta, tak. Ta, ta, ta, tak.

"Mtumishi," Nyuzi alimgeukia shemeji kwa sauti ya upole inayotisha, "hizi ngoma alipiga nani?"

"Mpiga ngoma wangu. Studio kubwa. Humjui."

"Na hii tak inayochelewa?"

"Ni mtindo. Wa kisasa."

Ta, ta, ta, tak.

Kiti kililia sakafuni. Baba alikuwa amesimama.

"Zimeni hiyo," alisema.

Ikazimwa.

"Hiyo si ngoma. Hiyo ni cherehani ya marehemu mke wangu."

Kicheko kidogo kilianza nyuma, kikafia njiani, kwa sababu uso wa Baba haukuwa wa mchezo.

"Baba," shemeji alimshika kiwiko, "umri huo masikio huwa..."

"Niachie mkono. Mkanda wa ile cherehani ulikatika mwaka ambao huyu binti alizaliwa. Hatukuwa na mwingine. Nikauunga mwenyewe kwa kipande cha spoki ya baiskeli, nikakikunja kwa koleo, na kila kikipita kwenye gurudumu kinagonga. Tak. Mke wangu alinigombeza mwaka mzima kwa ajili ya hiyo tak, halafu akaizoea. Mimi nimeisikia ukutani kila siku mpaka alipofariki, na bado naisikia binti yangu akikanyaga. Wewe unataka kunifundisha spoki yangu?"

"Baba mkwe, inawezekana kabisa studio kubwa..."

"Studio kubwa ina spoki yangu?"

Sasa kicheko kilikuja chote, na hakikumcheka Baba.

"Mbele za Mungu anayenisikia!" alinguruma mzee, na Nyuzi akajua kinachokuja, akafumba macho.

Mikono yote miwili ikapanda juu, kama kipa.

Bega la kulia halikusema kitu. Bega la kushoto lilitoa mlio mwembamba sana, ting, mlio wa uzi wa kwanza wa gita unaokazwa kupita kiasi.

Likashika.

Nyuzi alifumbua macho. Baba alikuwa mzima mzima, mweupe, mikono hewani, anaomba kwa sauti kubwa kwamba aliyeiba wimbo wa mtoto wake alioutungia mauti ya mama yake aonekane leo hii, hapa hapa, bila kuchelewa. Shemeji alilitazama lile bega kama mtu aliyemwona maiti akipiga chafya.

"Imeshonwa," alinong'ona.

"Nimeitia uzi," alijibu Nyuzi.

Hapo, msomaji, ungedhani mtu ameisha. Humjui shemeji. Uso wake ulibadilika mara tatu kwa sekunde mbili, na wa tatu ulikuwa na machozi. Machozi kweli, yanatiririka, na aliyageuzia upande wenye simu nyingi.

"Wapendwa," alilia kwenye maiki, "nimepitiwa. Wimbo ni wa shemeji yangu. Ibilisi alinipitia. Nisameheni!"

"Amina!" alijibu mtu nyuma. "Ametubu!"

"Mtu jasiri!" alisema mwingine.

Nyuzi aliona kinachotokea na damu ikamchemka. Wale waliokuwa wanamcheka sasa walikuwa wanamlilia. Yule mama wa kofia alikuwa anatafuta leso. Kesho mwizi angekuwa shujaa wa toba, angealikwa makanisa yote kuusimulia ushuhuda wake, na mwisho wa ushuhuda angeuimba ule ule wimbo. Miezi yote ile ya kulala na kinyongo, halafu mtu anatoka msafi kwa machozi ya kijiko kimoja.

"Binti," Mchungaji alimgeukia, "neno liko kwako. Unamsamehe?"

Watu wote wakamtazama. Shemeji naye alimtazama kupitia vidoleni, na nyuma ya machozi Nyuzi aliyaona yale meno.

Basi akakumbuka. Suruali ile mtu ameivuta pembeni, mguu huu na mguu huu, akaridhika. Pembeni kweli Nyuzi alipitisha mashine, mara mbili. Lakini kuna mshono mmoja wa suruali ambao mtu hauvuti, kwa sababu uko mahali ambapo mtu hajitazami.

"Namsamehe," alisema Nyuzi.

"Haleluya!"

"Kwa moyo wote. Ila Mchungaji, mimi nilifundishwa na marehemu mama kwamba toba ya kusimama ni salamu tu." Aliweka mkono kifuani. "Shemeji yangu mpendwa. Wimbo wenyewe unasema sakafuni. Piga magoti."

"Magoti! Magoti!" kanisa likaitikia.

Shemeji alisita nusu sekunde. Kisha akaona ni picha nzuri. Akawapa watu mgongo ili aielekee madhabahu, akakunja magoti polepole, kwa huzuni ya kupendeza.

"Uiname," alisema Nyuzi kwa upole. "Mpaka kipaji cha uso kiguse chini."

Shemeji akainama.

Bandi haikupasuka yote kwa mara moja. Ilianza kiunoni, tik, tik, tik, kama mtu anayehesabu kwa utulivu, halafu ikapata mwendo, na mwishoni ikasema krrrraa kwenye maiki iliyokuwa imelala karibu. Suruali nyeupe ilifunguka pande mbili kama kitabu cha nyimbo. Ndani yake kulikuwa na bukta yenye picha za mananasi.

Mama wa kofia akasema, "Eh, matunda," na ukumbi ukaanguka. Wazee waliogopa kucheka wakakohoa. Waliokohoa wakashindwa wakacheka. Mchungaji alijificha nyuma ya daftari la matangazo, na daftari lilikuwa linatetemeka.

Shemeji alijaribu kurudi nyuma kwa magoti. Kila hatua ilifungua zaidi. Akatulia, kipaji chini, mikono miwili nyuma, mtubu kamili kuliko wote waliowahi kutubu pale.

Nyuzi alimtazama. Hakujilaumu hata kidogo. Alikuwa anapanga atamwambia Mungu nini jioni, na ilionekana Mungu mwenyewe angehitaji dakika moja kwanza ya kujizuia.

"Sasa," alisema, "gita ninyi mnalo hapo. Wimbo wangu niuimbe mwenyewe."

Alinyoosha mkono kulichukua gita la umeme lililokuwa limeegemea spika. Mkono mwingine ulilifikia kabla yake.

Dada.

Alikuwa amepanda jukwaani bila mtu kumwona, kama alivyozoea kufanya kila kitu. Ratiba zake alikuwa ameziweka chini, ukurasa ule wenye orodha ya nyimbo kumi ukiwa juu.

"Dada, nipe, hujui hiyo kitu."

"Wa kwanza ni wako, mdogo wangu," alisema Dada. "Utauimba. Ngoja kidogo."

Alijivika mkanda wa gita begani. Hakutafuta mahali pa kuweka mikono. Vidole vya kushoto vilikwenda wenyewe, vikakaa juu ya nyuzi, zile ncha ngumu kama ngozi ya kiatu, na Nyuzi akahisi nywele zikimsimama kuanzia kisogoni. Haikuwa sabuni.

Dada alipiga. Ulikuwa wimbo wa pili wa albamu, ule wa kasi ambao redio zote ziliusifu kwa gita lake, na aliupiga kutoka mwanzo mpaka kwenye kiitikio bila kutazama vidole, macho yamekaa kwenye kile kichwa kilichogusa sakafu. Hakukosea noti hata moja. Tangu utoto, nyumba nzima ilijua kwamba huyu ndiye ambaye hajui muziki.

Akazima nyuzi kwa kiganja. Kipaji cha shemeji kilikuwa kimeanza kuinuka taratibu, uso umepauka kama kitambaa.

"Usiinuke, baba watoto," alisema Dada, na sauti yake ilifika mpaka mlangoni bila maiki. "Huo ulikuwa wa pili. Zimebaki nane."